Kusomea Gemu Mogogosiek

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ndefu imeanza leo, na imenianzia mimi. Tulikuwa mezani, Baba, Mama na mimi, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi: matokeo ya Form Four ninayo, portal ya kuchagua kozi imefunguliwa, ualimu sitaki. Nilipofika kwenye "nataka kusomea," mvua ikaangukia mabati kama mtu amemwaga gunia la mahindi. Baba akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Kusomea nini?" Nikarudia. "Nini?" Nikavuta pumzi, nikapiga kelele na nguvu zangu zote, "GEMU!" na wakati huo huo mvua ikanyamaza.

Mogogosiek nzima imenisikia. Ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Chepyegon, ameitikia.

Baba alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Yeye ni fundi wa nguo, tena ni mzee wa kanisa la Sabato, na hasira yake huwa haina kelele. "Nyatichi," alisema hatimaye, "unataka kuenda yunivasiti kusomea kubet?"

Hapa kwetu gemu ni zile mashine za kamari ambazo chifu alichoma pale sokoni watu wakitazama. Nilieleza kwamba kuna gemu za kucheza tu, kwa simu na kwa kompyuta, na kuna watu wanaajiriwa kuzitengeneza. Mama aliuliza kama wanaajiriwa na pension. Nikamwongezea mboga.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Baba hasemi. Ameshona zipu ya suruali ya mteja kwa nyuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Kanisani mchungaji aliomba dhidi ya roho ya kamari inayowinda vijana. Hakutaja jina. Alisema tu "binti mmoja, mtoto wa pekee wa fundi mmoja." Fundi kanisani kwetu ni mmoja. Mama alinifinya mguu ili niinamishe kichwa, nami nilikuwa nimeinamisha tayari.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Chepyegon alikuja akanikuta nikifua. Aliangalia nyuma, akaangalia kando, akainama.

"Lakwet, mtoto wangu, mimi si mtu wa maneno mingi. Nipatie timu mbili tu."

"Timu gani, Mzee?"

"Za kushinda. Wewe si ndio unasomea?"

Nilimweleza polepole kwamba mimi nataka kutengeneza michezo, sijui nani atamfunga nani. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu akakonyeza jicho. "Sitaambia mtu," akasema, akaenda zake.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwenye anajua ninachotaka ni Kipkurui peke yake. Tulimaliza shule mwaka mmoja, kwao ni ng'ambo ya mto, na ana laptop ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo inafanya kazi stima ikiwepo, na mvua ikinyesha stima huwa haipo. Tunatengeneza gemu. Inaitwa Kabla Lori: umebeba kikapu cha majani chai, unateremka shambani kwa matope, unavuka mto, unafika kituo cha majani kabla lori la kiwanda halijaondoka. Njiani kuna mbwa, kuna shangazi anayetaka salamu ndefu, kuna ng'ombe amelala barabarani. Mimi nachora njia zote kwenye karatasi za khaki za Baba, zile anazokatia vipimo vya nguo. Kipkurui anaziingiza kwa kompyuta.

Yeye atachagua Computer Science. Nami nimeamua ni hiyo hiyo. Mtu akitaka kutengeneza gemu si lazima ajue kompyuta?

Jumatano, 16 Aprili

Nimempigia Vinny, mtoto wa dada ya Mama, aliye Nairobi. Vinny anafanya kazi kampuni ya gemu! Kwenye picha yake ya WhatsApp amevaa kadi shingoni, na nyuma yake kuna ukuta wa vioo. Yeye ndiye ushahidi wangu mbele ya Baba.

"Cuzo, wachana na degree," Vinny alisema. "Miaka minne ya nini? Kuja college yenye nilisoma mimi. Miezi sita unatoka expert. Wiki ijayo wanakuja mpaka Bomet kutafuta wanafunzi."

Nimechanganyikiwa vizuri sana.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Chepyegon amenipungia mkono kutoka ng'ambo ya ua na kuonyesha vidole viwili.

Alhamisi, 24 Aprili

Tulienda Bomet, Mama, Kipkurui na mimi. Baba alikataa kuja, lakini alinipigia pasi blauzi bila kuambiwa.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja. Mkuu wa chuo alikuwa na suti inayong'aa kama samaki, na kila baada ya sentensi mbili alisema "industry". Alituonyesha kwenye skrini kubwa picha za darasa, kompyuta na vijana wanaocheka. Nilikuwa nimeshaanza kujiona pale katikati ya wale wanaocheka. Kisha akasema sasa tuone gemu iliyotengenezwa na mwanafunzi wao bora. Kwenye skrini kijana akatembea kwenye nyasi, akapita chini ya mti, akaokota nyota.

Kipkurui alinigonga kwa kiwiko. "Nyatichi. Ule mti."

Niliangalia. Ulikuwa mti tunaoujua. Uko kwenye masomo ya bure ya mtandaoni, somo la kwanza kabisa, na sisi wenyewe tulishautengeneza, na nyasi zake, na nyota yake. Mwanafunzi wao bora alikuwa amefika tulipofika sisi siku ya kwanza, kabla stima haijapotea.

Niliinua mkono nikauliza kama mwanafunzi alibuni ile gemu mwenyewe.

"Kila kitu! From scratch!"

Mama alininong'oneza, "Mbona umekunja uso? Mti ni mzuri." Nilimwambia twende. Alikubali, lakini kwanza alikunywa soda yake na akamalizia ya Kipkurui.

Jumatatu, 28 Aprili

Stima imekaa mchana kutwa! Nimemfanya Mama acheze Kabla Lori. Hajawahi kushika laptop. Kipkurui alimwonyesha kitufe cha kukimbia, Mama akakataa.

"Nikimbie na kikapu kwa matope? Nivunjike?"

Akatembea. Alitembea gemu nzima, akampita mbwa kwa heshima, akasimama kwa shangazi akasalimiana mpaka mwisho, na lori likamwacha. Alitutazama sisi kama vile tumeliendesha.

"Huyu dereva ni nani? Hata yule wa kwetu mkali, ukimpungia mkono anangoja."

"Mama, ni kompyuta."

"Basi ni kompyuta haina adabu."

Kipkurui alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika. Tumeweka kitufe cha kupunga mkono. Ukipunga ukiwa mbali, dereva hakuoni. Ukipunga mapema mno unapoteza nguvu. Ukipunga sawasawa, lori linangoja kidogo. Mama alicheza tena na tena, akashinda, akasimama akapiga kigelegele peke yake sebuleni, na majani yake ya kweli nusura yaachwe na lori la kweli.

Sijalala vizuri kwa furaha. Nilitazama mikono yake muda mwingi kuliko nilivyotazama skrini.

Ijumaa, 2 Mei

Tumegombana na Kipkurui. Nataka kuandika kila kitu kabla sijakisahau, maana Mama atanipatanisha naye kesho na itabidi nijifanye sikumbuki.

Nilimwambia dereva akichoka kungoja salamu za shangazi ziishe, na yeye atoke kwenye lori asalimie. Akasema haiwezekani. Nikasema mbona ni kitu kidogo. Akafunga laptop.

"Kidogo? Nyatichi, kila kitu hapa ndani nimeandika mimi. Mstari kwa mstari. Wewe unakuja na karatasi na maneno 'ingekuwa vizuri kama'. Computer Science utaenda kufanya nini? Utachorea lecturer khaki?"

Nikamwambia naweza kuandika code vizuri tu, ila yeye huwa hanipi nafasi. Akasema sawa, akaniachia laptop, akaenda kwao kwa mguu kwenye mvua. Hakuvaa hata kofia. Nilitaka kumpelekea mwavuli, lakini nilikuwa bado nimekasirika.

Jumanne, 6 Mei

Ng'ombe anaruka.

Nilitaka tu asimame ukimkaribia. Sasa ukimkaribia anapaa, anapita juu ya lori, anapotea mawinguni, na baada ya muda anaanguka juu ya shangazi. Nimejaribu tangu Jumapili. Nimesoma masomo, nimefuata hatua, nimeomba. Nikirekebisha ng'ombe, mto unakauka.

Jambo baya si kwamba sijui. Kitu usichojua unajifunza. Jambo baya ni kwamba sipendi. Nikikaa mbele ya ile mistari nahisi kama niko darasani baada ya chakula cha mchana. Kipkurui akikaa hapo anapiga mluzi. Nimekuwa nikitaka kwenda kukaa miaka minne mahali ambapo mwenzangu anapiga mluzi na mimi nasinzia, kwa sababu tu sikujua mlango mwingine wa kuingilia.

Kama kuna mlango mwingine, Vinny ataujua. Mama amemwita, atakuja wikendi hii.

Jumapili, 11 Mei

Vinny amekuja, na sasa sina ushahidi tena.

Alifika na mkate mkubwa na viatu vyeupe, ambavyo Mogogosiek ilivipaka rangi yake kabla hajafika mlangoni. Mama alichinja kuku. Baba alitoka dukani mapema, akavaa koti, akakaa mbele yake kama mtu anayekuja kusikiliza kesi. Mzee Chepyegon naye alipita kuomba chumvi, akaona kuku, akakaa.

Baba alianza kwa upole. "Vinny, baba. Hii kazi yako. Unatengeneza gemu."

"Ndio, Uncle."

"Gemu za kucheza tu. Si kamari."

Vinny aliweka paja la kuku chini. Alipangusa vidole, kimoja baada ya kingine. Nilimwona akinitazama, na nikajua kabla hajasema.

"Uncle, mimi nachora matunda."

"Matunda?"

"Yale ya kuzunguka. Cherry, ndimu, ndizi. Yakilingana, mtu anashinda. Ni za simu." Akasukuma sahani kando. "Ni za kubet, Uncle."

Kisha Mzee Chepyegon akainuka polepole kutoka kwenye kiti.

"Ile ndimu," akasema. "Ile ndimu ya mwisho, yenye hukataa kulingana. Ni wewe?"

"Mimi nachora tu, Mzee. Kulingana kunafanywa na watu wengine."

"Ni wewe," Chepyegon alisema, na akakaa tena, na akamtazama Vinny kwa jicho ambalo sikutegemea, kama mtu aliyekutana na adui wake akakuta ni mtoto wa watu. Mama akamwongezea mchuzi. Sijui nani kati yao alikuwa anaongezewa, maana mchuzi uliingia sahani zote mbili.

Baba hakufoka. Alisema tu, "Basi nilikuwa sawa," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Baadaye mimi na Vinny tulisimama chini ya paa la jikoni, tukiangalia maji yakijaza mapipa. Niliuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniona aje? Nilikuwa nataka kuchora wanyama wanaoongea. Ile college ilinifundisha vitufe vya programu moja, basi. Nikatoka, kampuni moja tu ikanichukua. Nikiwaacha hawa, sina kingine najua." Alikwangua tope kwenye kiatu. "Cuzo, usiniulize mimi usome nini. Lakini ukichagua, soma kitu kitakuwezesha kukataa kazi."

Nilikuja hapa ndani nikaandika hilo neno lake nyuma ya daftari, kabla ya mengine yote.

Jumatatu, 12 Mei

Baba ameamua: ualimu. Mvua.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Nimemenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Alhamisi, 15 Mei

Niko na mengi leo.

Asubuhi Baba alikuja mlangoni pangu na futi yake ya kupimia shingoni. "Hiyo gemu yenu iko wapi? Ilete niione. Siwezi kukataa kitu kama sijakigeuza nione mshono."

Gemu ilikuwa na ng'ombe anayeruka. Nikakimbia kwa kina Kipkurui, ng'ambo ya mto, na laptop kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Mama yake alinipa mursik, maziwa ya kibuyu, kabla ya kuniuliza shida. Kipkurui alitoka nyuma ya nyumba. Tulitazamana.

"Bado anaruka?"

Sikujua kwamba Mama yangu alishamwambia. "Anaruka," nikasema. "Na mimi si mtu wa code. Ulisema kweli. Lakini ulisema vibaya."

"Nilisema vibaya," akakubali. Halafu, akiwa ameshafungua laptop, "Dereva anaweza kutoka asalimie. Nilikuwa nimeshajua vile itafanyika. Nilikuwa nimechoka tu." Akamshusha ng'ombe kabla sijamaliza mursik. Alikuwa akipiga mluzi.

Baba alicheza kwenye meza yake ya dukani, vyerehani vikiwa vimefunikwa. Alivaa miwani ya kushonea.

"Pesa inaingilia wapi?"

"Hakuna pesa, Baba."

"Nikishinda napewa nini?"

"Unafika."

"Nafika, halafu?"

"Majani yanapimwa. Siku inaisha."

Hakuniamini. Alitafuta kamari kila mahali. Alimpekua shangazi. Alizunguka nyuma ya kituo cha majani. Alisimama mtoni akiangalia chini ya daraja. Wateja wawili walikuja kuchukua nguo, akawaambia warudi kesho. Mara ya kwanza alianguka majini, mara ya pili mbwa akamfukuza, na mara ya tatu nikamsikia akisema kwa kompyuta, "Ngoja tu." Alipopunga mkono na lori likasimama, alivua miwani.

"Na hii lori," aliuliza, "inakuja siku gani?"

"Kila siku."

"Na Sabato?"

Kipkurui alinitazama. Sisi hatukuwa tumefikiria siku.

"Huyu mama unamtembeza siku saba mfululizo?" Baba alisema. "Hapana. Jumamosi apumzike. Mkiweka hiyo, nitasema hii kitu haina kamari. Nitasema hata mbele ya mchungaji."

Jumapili, 18 Mei

Tumeiweka. Siku ya saba mvua inakatika, lori haliji, kikapu kiko ukutani, na wewe huwezi kufanya chochote isipokuwa kukaa nje ya nyumba. Shangazi anakuja. Ng'ombe amelala. Basi. Kipkurui alisema watu watachoka na kuzima.

Tumeonyesha vijana wote waliokuja kujikinga mvua dukani, na Mzee Chepyegon. Hakuna aliyezima. Walikimbia siku sita wakitukana matope, na walipofika Sabato mabega yao yakashuka. Mmoja alipumua kwa sauti. Chepyegon alikaa kwenye Sabato mpaka chai yake ikapoa. Hakuniuliza timu.

Nilitazama mabega yote yale yakishuka nikajua kazi yangu ni hiyo. Sijui inaitwaje, lakini kuandika mistari siyo.

Alhamisi, 22 Mei

Mimi, Baba na Kipkurui tulienda saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Tulikuwa tumesoma kozi zote kwenye portal, Baba akiuliza maana ya kila moja. Mwishowe nilimwonyesha hii: shahada ya Design, miaka minne. Kuchora, kupanga vitu, kuchunguza jinsi watu wanavyovitumia, halafu kubadilisha.

"Hapo gemu iko wapi?" aliuliza.

"Haiko peke yake. Nitaitoa hapo mimi. Na gemu zikikosa kazi nzuri, kuna vitabu, kuna ishara za hospitali, kuna viti. Naweza kukataa matunda ya Vinny."

Baba alifikiria. "Ni kama kujifunza ushonaji wote, si kushona sare za shule peke yake."

"Ni hivyo hasa, Baba."

"Na ualimu tuweke ya pili."

Tuliweka ualimu ya pili. Kipkurui aliweka Computer Science ya kwanza, na alipobonyeza alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikamkanyaga wake.

Jumamosi, 7 Juni

Kanisani Baba alisimama wakati wa matangazo akasema gemu ya binti yake ameikagua na inashika Sabato. Mchungaji ameomba kuicheza. Mvua imepungua.

Alhamisi, 19 Juni

Vinny amepiga simu. Ameomba majina ya yale masomo ya bure. Nimemtumia, kuanzia lile la mti.

Jumatatu, 30 Juni

Majibu yametoka. Design, nimepata! Kipkurui naye amepata yake, chuo tofauti, na tumekubaliana gemu ikae kwake kwa sababu bila yeye ng'ombe ataruka.

Nilikimbia dukani kumwambia Baba, akasema "Haya," akaendelea kukunja pindo. Nilifikiri hajasikia. Nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikakaa kwenye kibao nipumue, na nikiwa hapo akaingia mteja, mwanaume wa sauti nzito, kuchukua koti.

"Fundi, nasikia binti yako ameitwa yunivasiti. Anaenda kusomea nini?"

Nilishika pazia. Nilikuwa tayari kutoka na kueleza, kama nilivyoeleza msimu mzima, gemu ni nini na kamari ni nini na Design ni nini.

"Anaenda kusomea vile watu hufurahi," Baba alisema. "Ni degree. Miaka minne."

Nikaachilia pazia. Sikuwa na la kurekebisha.

Mteja alijaribu mkono wa koti. "Na hapo kuna kazi kweli?"

"Wewe," Baba akamwambia, na nikasikia akikata uzi kwa meno, "umeona hapa Mogogosiek furaha ikitosha watu wote mpaka ikabaki?"